Mgeni wa Miezi Sita



Majuma mawili yaliyopita tulizungumza habari za ghala na panya wake, na nilikusudia kuendelea na habari hizo. Lakini imetufikia barua kutoka Nambis, huko katika milima ya Mbulu, nayo si barua ya kuwekwa kando mpaka panya waishe. Aliyeandika ni mama mjane. Nyumba aliyoachiwa ni ya matofali ya kuchoma, yenye mabati mazito ya zamani, vyumba sita na baraza pana; ilijengwa na baba mkwe wake kabla ya Uhuru. Watoto wote wako mjini, na vyumba vinne vimefungwa. Sasa watu wawili wamebisha hodi kwake. Mmoja ni muuguzi aliyehamishiwa huko, wa pili ni kijana wa kazi za barabara, nao wanataka kukaa nusu mwaka au zaidi, walipe chumba na chakula. Watoto kwa upande wao wanasema nyumba imechakaa, ibomolewe, kiwanja kiuzwe, na mama ahamie kwao Arusha.

Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, je, si aibu kumtoza fedha mtu aliyelala chini ya paa lako na kula mezani pako? La pili, kama si aibu, kazi hiyo hufanywaje?

Nitaanza na aibu, maana asiyeimaliza aibu hawezi kupanga bei. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitaja neno hili kwa kucheka, kama kwamba ni mzaha juu ya wageni wakaidi. Mimi naona si mzaha. Wazee walijua tofauti ya mpitaji na mkaaji. Mpitaji humpa chakula bila kumwuliza kitu, kwa sababu kesho hayupo. Mkaaji hula akiba ya nyumba, na akiba ya nyumba hutoka shambani, basi naye ashike jembe. Muuguzi hawezi kushika jembe lako, kwa kuwa asubuhi anakwenda kwenye kazi yake. Jembe lake ni mshahara. Akikupa sehemu ya mshahara huo amelima kwako, wala hapana aibu. Aibu ingekuwa kumtoza ndugu yako aliyekuja msibani.

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu, ingawa wengi hudhani nyumba za wageni zililetwa na watalii. Chukua habari za Tabora, iliyoitwa Kaze zamani hizo. Mwezi wa Novemba 1857 walifika huko Waingereza wawili, Burton na Speke, wakiwa wagonjwa na wamechoka. Walikaribishwa katika nyumba ya mfanyabiashara Mhindi aliyeitwa Musa Mzuri. Musa mwenyewe hakuwapo, alikuwa safarini Karagwe. Aliyewapokea na kuwatunza ni wakili wake, Mwarabu wa Omani jina lake Snay bin Amir. Wakakaa majuma kadhaa, wakaenda Ujiji, kisha Juni 1858 wakarudi kwa mwenyeji yule yule, na safari hii Burton alikaa mpaka Septemba. Snay aliwatafutia wapagazi na chakula, akaongea na Burton jioni nyingi juu ya nchi na lugha zake. Burton alikuwa mtu wa maneno makali, hakusifu watu ovyo, lakini huyu alimsifu. Nami nakuomba uangalie jambo moja hapo: aliyetunza wageni si mwenye nyumba. Nyumba ikiwa na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi kweli kweli, mwenyewe akiwa mbali haiharibiki. Nitarudi kwenye neno hili nikifika kwa watoto wa mama yetu.

Karibu na Tabora iko Kwihara, na huko liko tembe linaloonyeshwa leo kama makumbusho. Stanley alikaa humo mwaka 1871 kabla ya kumtafuta Livingstone, na Februari 1872 wakaja wote wawili. Stanley akaondoka Machi. Livingstone akabaki akingojea wapagazi ambao Stanley angewatuma kutoka pwani, akangoja hata tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi mitano. Fikiri maana ya kungoja hivyo ndani ya nyumba isiyo yako. Siku za kwanza mgeni hushukuru. Mwezi wa pili hujua bawaba ipi hulia usiku. Mwezi wa tano ana kona yake barazani, na akikuta mtu ameikalia, moyo wake huchafuka. Mgeni wa miezi sita si mgeni wa hoteli aliyeongezewa siku. Ni mtu wa aina nyingine, na nyumba yake huendeshwa kwa namna nyingine.

Mijini kazi hii imekuwa ya wanawake zaidi kuliko wanaume. Waijua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Kariakoo na Ilala zilijaa nyumba hizo, mwenyewe akikaa chumba kimoja na wapangaji vingine. Huko Nairobi, mtaa wa Pumwani ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, wajane na wasio na waume, waliojenga kwa fedha zao na kuishi kwa kodi ya vyumba hata uzeeni. Hawakuita kazi yao kwa jina kubwa. Lakini mama wa Nambis akiogopa kwamba mwanamke peke yake hawezi, basi hao walikwisha mjibu miaka mia iliyopita.

Kuna na mfano wa karibu zaidi, wa milima yenu hiyo hiyo. Karatu, ambayo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu mpaka ilipogawanywa katika miaka ya 1990, ina nyumba ya shamba iliyojengwa na mlowezi Mjerumani mwishoni mwa miaka ya 1920. Shamba lilikuwa la kahawa. Mwaka 1948 lilinunuliwa na Mwingereza James Gibb, na mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakafungua milango kwa wageni, vyumba vichache tu, na mboga zikitoka katika bustani yao wenyewe. Leo Gibb's Farm ni mahali pa watalii wenye fedha nyingi, bei zake si za kwetu. Lakini ilianza na mambo matatu ambayo mama wa Nambis anayo: nyumba ya zamani iliyo imara, bustani, na hali ya hewa ambayo mtu wa pwani huilipia.

Basi, wageni watatoka wapi Nambis? Hawa wa watalii wapitao mbio waache waende zao Ngorongoro. Wako walimu na wauguzi wanaohamishwa, ambao katika miezi ya kwanza hawana nyumba wala sufuria. Wako wapimaji na wajenzi. Wako wanafunzi na madaktari wageni wanaokuja Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa 1955 kwa kazi ya Wanorwei. Hao wengi hupata malazi huko huko, lakini si wote. Na wako wataalamu wa lugha na mila. Wasomaji wengine watashangaa: mtu atoke Ulaya kuja kujifunza Kiiraqw? Naam. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, ndugu yake wa mbali ni Kisomali, nayo imezungukwa na lugha za Kibantu na Kinilo. Kwa hiyo wataalamu huitamani kama mfugaji atamanivyo chumvi. Mwaka 1980 Robert Thornton alitoa kitabu juu ya Wairaqw na ardhi yao, na mwaka 1993 Maarten Mous, Mholanzi, akatoa sarufi ya Kiiraqw. Kazi kama hizo hazifanywi kwa siku tatu. Mtu huyo anahitaji meza imara, taa, mama asiyechoka kuulizwa maneno, na kimya cha alasiri.

Sasa nyumba yenyewe. Mama ameandika kwamba watu wanaiita nyumba ya Wajerumani. Nami namwomba asiiite hivyo. Katika milima ile kila nyumba yenye mlango mzito husemwa ilijengwa na Wajerumani, hata kama fundi wake yu hai. Wajerumani waliondolewa katika sehemu hizo mwaka 1916, na boma lao la Mbulu ni habari nyingine. Kama nyumba ilijengwa na baba mkwe wako katika miaka ya 1950, sema hivyo, utaje matofali yalichomwa wapi na mbao zilitoka msitu gani. Mgeni wa miezi sita atajua ukweli mapema, kwa kuwa atazungumza na majirani. Hadithi ya kweli ya mzee aliyeuza ng'ombe akanunua mabati ni tamu kuliko Mjerumani wa kubuni. Na kwa sheria pia neno la ukale lina mipaka yake: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Nyumba yako ni changa mno kwa ulinzi huo, isipokuwa Serikali iitangaze kwa namna ya pekee. Kwa hiyo hapana wa kukuzuia kuibomoa, wala hapana wa kukusaidia kuitunza. Shauri ni lako.

Kama kwenu bado kuna mabaki ya nyumba za kale za Wairaqw, zile zilizozamishwa nusu ndani ya mlima na kuezekwa kwa udongo juu tambarare ili adui asizione kwa mbali, usizifukie. Hazifai kulaza mgeni, lakini mgeni atapenda kuziona kuliko picha yo yote.

Ukuta wa zamani una adui mmoja mkubwa, naye ni fundi mwenye haraka. Matofali ya kuchoma ya siku zile mara nyingi yaliunganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kidogo wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi, ndivyo uishivyo. Fundi akija akaupiga plasta ya saruji ngumu, unapendeza mwaka mmoja. Kisha maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, hupanda juu, plasta hujitenga na matofali, na chumba hunuka ukungu. Watu husema nyumba imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. Tumia chokaa iliyozimwa vizuri, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, au udongo mzuri uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa. Chimba mfereji kuzunguka msingi ili maji ya mvua yasilale ukutani. Fanya hayo kabla ya kununua hata pazia moja. Panda juu ukaangalie kenchi, na kila mbao iliyo karibu na ukuta ichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama katika boga, mchwa wamekutangulia.

Paa hilo la zamani lina faida ambayo haionekani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita mraba 100, ikipata mvua ya milimita 10 kwa usiku mmoja, imeteremsha lita 1,000. Bila gata, maji hayo yanakula msingi. Ukiwa na gata na tangi, ni maji ya kuoga ya wageni wanne kwa siku nyingi. Acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ipite bila kuikinga, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Neno linalofuata ndilo lililonifanya niache panya, nami nasema kwa ukali kwa sababu yahusu uhai wa watu. Nambis ni baridi. Nyanda zile ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu aliyetoka Tanga au Dar es Salaam hutetemeka hata meno yakagongana. Atafanya nini? Atachukua jiko la mkaa, makaa yakiwa mekundu mazuri yasiyo na moshi, aliingize chumbani, afunge dirisha na aweke nguo chini ya mlango. Asubuhi hatafungua. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huingia katika damu ikakaa mahali pa hewa njema, na mtu huumwa kichwa kidogo, husinzia, hafikiri hata kuamka. Makaa mekundu yasiyo na moshi si salama. Ndiyo yanayodanganya, kwa kuwa moshi ungemwamsha. Kila mwaka katika nchi yetu husikika habari za jamaa waliokutwa wamekufa namna hiyo, mama na watoto kitanda kimoja.

Kwa hiyo usingoje mgeni ajue mwenyewe. Mwambie siku ya kwanza, kabla ya kumpa ufunguo: jiko la mkaa haliingii chumbani, hata kwa dakika kumi, hata mwezi wa saba. Na kwa kuwa huwezi kumkataza mtu moto bila kumpa joto, mpe mablanketi mawili mazito, godoro lisilogusa sakafu, na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni, iliyofungwa vizuri na kuvikwa kitambaa. Kama nyumba ina mahali pa moto na dohani ya zamani, ipigwe brashi kila mwaka kabla ya Juni. Ndege hujenga humo. Dohani iliyozibwa kwa kiota ni sawa na jiko chumbani. Hata ikiwa safi, moto uwashwe sebuleni watu wakiwa macho, uzimike kabla ya kulala. Sebule yenye moto ina faida nyingine: wageni huja hapo jioni, wakafahamiana, nawe ukajua nani ana huzuni na nani ana homa.

Tuje kwenye fedha. Mtu asiye na uzoefu huchukua bei ya usiku mmoja akaizidisha mara 30, akampa mgeni hesabu ya kumkimbiza. Fanya hivi. Tuseme chumba kwa usiku mmoja ni shilingi 15,000. Katika mji mdogo chumba hakijai kila siku. Tuseme kwa mwezi unapata watu wa siku 12. Hizo ni shilingi 180,000, na umefua shuka mara 12, umepokea watu 12 usiowajua, na umekaa macho usiku mara 12 kungojea basi lililochelewa. Mgeni wa mwezi akikupa 200,000, shuka zake hufuliwa mara nne, na usiku unalala. Kwa hiyo bei yake ya siku ni ndogo, na faida yako ni kubwa. Lakini usihesabu miezi 12. Hesabu 10, kwa sababu walimu huenda likizo na vyumba hukaa vitupu kati ya mtu na mtu. Miezi 10 ni shilingi 2,000,000 kwa chumba. Katika hizo toa sehemu mbili katika kila kumi, uziweke mbali kwa ajili ya paa na kuta. Usiziguse hata kwa ada ya mjukuu. Fedha za paa zikiliwa, nyumba nayo imeliwa.

Chakula kiwe na hesabu yake peke yake. Chai ya asubuhi 1,500 na chakula cha jioni 3,000 ni 4,500 kwa siku. Kwa siku 26 ni shilingi 117,000. Siku nne nimeziacha kwa makusudi, maana mgeni wa muda mrefu husafiri, hualikwa, hufunga. Bei hizi ni mfano tu. Wewe weka zako kwa soko la Mbulu. Usiahidi vyakula vya hoteli. Mgeni wa siku mbili anataka kuku. Mgeni wa miezi sita anataka makande mazuri Jumatano, maziwa ya mgando, ugali wa moto, mboga zilizochumwa saa hiyo, na vitunguu saumu vya Mbulu ambavyo wafanyabiashara huvifuata kwa magari. Anachochukia ni chakula kilekile kila siku, na kutojua saa ya kula. Saa moja na nusu iwe saa moja na nusu.

Katika meza moja wataketi watu wa dini mbalimbali, na hapo mama wa nyumba awe na adabu ya kutangulia. Ukiwa na mgeni Mwislamu, mnyama achinjwe na anayekubalika kwake, na nyama ya nguruwe isipikwe katika sufuria za wote. Akifunga Ramadhani, mwekee uji na tende saa ya kufungua, wala usimtoze chai ya asubuhi ambayo hakunywa. Sala ya chakula iwe fupi, na asiyetaka asitazamwe.

Kabla ya kumpokea mtu wa kwanza nenda halmashauri, uulize leseni inayokuhusu, na umwombe bwana afya aje aone vyoo na jiko. Usingoje aje mwenyewe, kwa kuwa akija mwenyewe huja na faini. Nenda na ofisi ya mapato, ujue wajibu wako. Kumbuka ya kwamba kampuni au taasisi ikikulipia kodi ya chumba cha mfanyakazi wake, kwa desturi ya sheria hukata asilimia 10 na kuipeleka Serikalini. Dai hati ya makato hayo, maana ni fedha yako iliyokwisha lipa kodi. Weka daftari: jina, anakotoka, namba ya kitambulisho au pasi, tarehe ya kuja na ya kwenda. Kwa mtu wa nje ya nchi angalia kibali chake na siku kinapokwisha. Mapatano yaandikwe karatasi mbili, hata kama mgeni ni mtoto wa shangazi ya rafiki yako. Hasa kama ni mtoto wa shangazi ya rafiki yako.

Katika karatasi hiyo ziandikwe siku ya kulipa, malipo ya mwezi mmoja yatangulie, na taarifa ya mwezi mmoja kwa anayeondoka na kwa anayeondolewa. Ziandikwe na sheria za nyumba, lakini chache. Mimi ningetaja tano tu: mkaa, saa ya kufunga lango, wageni wa mgeni, pombe, na ufunguo wa pili unaobaki kwako. Nyumba yenye sheria thelathini ukutani hufanana na gereza, na hakuna anayezisoma.

Sasa litakuja jambo lililo gumu kuliko kuta na mabati. Baada ya miezi mitatu mgeni atakuita Mama, au kwa desturi ya huko Ayo. Ataleta sukari akitoka mjini. Atamfundisha mjukuu wako hesabu. Kisha mwezi mmoja mshahara utachelewa. Utafanya nini? Wengi hunyamaza kwa haya. Mwezi wa pili hunyamaza kwa hasira. Mwezi wa tatu humtupia mtu mizigo nje mbele ya majirani, na urafiki wote ukafa. Mimi nasema zungumza siku ya tano, si ya tisini. Mwite faraghani, si mezani. Mwulize mshahara umekwama wapi, mwandikiane atalipa nini na lini, na uendelee kumpa chakula kile kile sahani ile ile. Kumpunguzia mtu nyama kwa sababu ya deni ni kumtukana bila kufungua kinywa. Lakini mwezi wa pili ukipita na ahadi imevunjwa bila neno, taarifa ya kuondoka itolewe kwa maandishi, nawe usibadilike kwa machozi. Una paa la kutunza, na wapo wageni wengine wanaolipa. Si haki wao wamlipie yeye.

Akiugua je? Mgeni wa usiku mmoja akiugua unamwita mwenye gari. Mgeni wa miezi sita akiugua hana mwingine ila wewe. Kwa hiyo daftari liwe na jina la ndugu yake na simu yake, ulichukue siku ya kwanza akiwa mzima na anacheka. Homa ikipita siku moja, apelekwe hospitali. Usimtibu kwa vidonge vilivyobaki kabatini. Na gharama ni zake au za mwajiri wake, hili nalo liandikwe.

Kwa watoto wa Mama nina maneno machache, nanyi mkisoma msione vibaya. Hamtaki nyumba ianguke juu ya mama yenu, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini kumtoa mtu wa miaka yake katika baraza lake, mkampa chumba cha nyuma mjini ambako hajui hata jirani, si kumpumzisha. Mfanyieni hivi. Leteni fundi mwashi mmoja anayejua chokaa, mlipe ninyi. Mnunulie tangi moja. Kisha mchagueni mmoja wenu atakayeangalia hesabu kila baada ya miezi mitatu, awe kama Snay katika nyumba ya Musa, mwenye madaraka kamili na asiyechota. Wengine wakae kimya. Nyumba yenye mawakili sita haina wakili. Na mambo ya urithi yaandikwe sasa, Mama akiwa mwenye afya na mwenye neno, ili fedha za vyumba zisije zikawa ugomvi juu ya kaburi lake. Baada ya mwaka mmoja kaeni pamoja na daftari. Kama sehemu mbili za kumi zimetosha paa, endeleeni. Kama hazikutosha, na Mama amechoka, hapo zungumzeni habari ya kuuza, tena yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kusema.

Kwako, Mama wa Nambis. Usifungue vyumba vyote vinne. Anza na viwili, huyo muuguzi na huyo kijana, lakini vyumba vyao visiwe vinatazamana, na cha muuguzi kiwe karibu na chako, chenye komeo la ndani. Kile ulichosema kilikuwa cha marehemu, na ambacho hujaweza kukifungua, kiache kilivyo. Hapana hesabu inayokudai chumba hicho mwaka huu. Mwashi aje kabla ya mvua, mapema awezavyo, maana chokaa inahitaji majuma kadhaa ya kukauka polepole bila jua kali wala maji. Juma lijalo, panya.